Maskati kwa Miguu: Siku Moja Nje ya Meli

Bandari nyingi zinazopokea meli za kitalii ziko mbali na mji. Abiria hushuka katikati ya makontena na winchi, hupakiwa basi, na saa nzima ya siku yake huishia barabarani kabla hajaona hata duka moja. Maskati ni tofauti. Bandari ya Sultan Qaboos imo ndani ya Matrah, mji wa biashara uliokuwapo karne nyingi kabla gati halijajengwa. Shughuli za mizigo zilihamishiwa Sohar mwaka 2014, na tangu hapo bandari hii imeachiwa zaidi meli za abiria. Ukivuka lango lake umeshafika: mbele yako kuna bahari, soko la samaki na barabara ya kutembea.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kupanda meli ya kitalii iliyokuwa ikitoka Dubai, niliamua mapema kwamba siku ya Maskati nitaitembea peke yangu, bila kikundi wala mwongozaji. Nilikuwa na sababu nyingine kubwa zaidi. Mimi ni mtoto wa Mombasa, nimekulia Mji wa Kale, ambako ukienda sokoni unaipita Fort Jesus na ukirudi unaipita tena. Shuleni tulifundishwa kwamba mwaka 1698 Waomani waliwatoa Wareno katika ngome ile, na kwamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja. Tulifundishwa walikofikia, walikotoka palibaki kuwa jina tu kwenye ramani. Nilitaka kupaona kwa macho yangu, na nilitaka kupaona bila mtu wa kuniharakisha.

Melini waliuza matembezi ya kila namna. Kulikuwa na la kwenda kutazama pomboo, la kwenda mabondeni, na la kwenda Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ambao zulia la ukumbi wake mkubwa lilifumwa Iran kwa mkono na lina uzito wa tani 21. Ni msikiti wa kupigiwa mfano, na anayekaa Maskati siku kadhaa asiukose. Lakini uko upande wa mbali wa jiji, na siku ya bandarini ni fupi. Meli ilifunga gati saa mbili asubuhi, na abiria wote tulitakiwa tuwe tumerudi saa kumi na moja na nusu jioni. Muda kama huo ukiugawa vipande vingi, unarudi melini na picha nyingi na mji hujauona. Nikachagua Matrah na Maskati ya kale, basi.

Kwa anayekwenda, nina ushauri mmoja wa kuanzia: usilale meli inapoingia. Panda sitaha ya juu kabla jua halijatoka. Milima inayoizunguka Matrah haina mti. Ni miamba ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, iliyochongoka mpaka majini. Wanajiolojia huja kutoka pembe zote za dunia kuitazama, kwa sababu miamba ile ilikuwa sakafu ya bahari, kisha nguvu za ardhi zikaisukuma juu ya nchi kavu mamilioni ya miaka iliyopita. Juu ya vilele kuna minara ya walinzi iliyojengwa kwa mawe ya rangi ile ile, na nyumba nyeupe zimebanana chini, katika kipande kidogo cha ardhi kilichobaki kati ya mlima na maji. Ukiitazama hali hiyo unaelewa kwa nini watu wa hapa waliishi kwa bahari. Nyuma ya mji hapalimiki, na mbele kuna njia.

Msimu wa meli za kitalii hapa huanza karibu na Oktoba na kwisha Aprili, kwa kuwa joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Nikiwa nimesimama sitahani, upepo wa kaskazi ukinipuliza mtandio, nilitambua kwamba hii ndiyo miezi ile ile ambayo majahazi ya Oman yalikuwa yakitweka tanga kuja kwetu. Yalipakia tende, chumvi na papa mkavu, yakashuka Lamu, Mombasa na Unguja, yakasubiri kusi, kisha yakarudi na boriti za mikoko, pembe za ndovu na, katika karne ya 19, karafuu. Sisi wa meli za chuma tunafuata majira yale yale.

Ndani ya bandari hairuhusiwi kutembea kwa miguu. Basi dogo la bure hukuchukua ubavuni mwa meli na kukushusha langoni, ukiwa na kadi yako ya meli na nakala ya pasipoti. Nje ya lango wanakusubiri madereva wa teksi za rangi ya chungwa na nyeupe. Niliwasalimu, nikawashukuru, nikashika njia ya kushoto ya bahari. Hakuna aliyenifuata. Nilikuwa nimevaa baibui na mtandio kama ninavyovaa nyumbani, na kutwa nzima, mwanamke peke yangu katika mji nisioujua, sikusumbuliwa na mtu.

Soko la samaki liko hatua chache kutoka langoni. Jengo lake la sasa lilichorwa na kampuni ya Snøhetta ya Norway na kufunguliwa mwaka 2017. Paa lake ni vipande vyembamba vya alumini vilivyopangwa kwa mikunjo, hivyo upepo unapita, na jua linaingia limekatwakatwa. Kina mama wa Mombasa wanaojua kero ya soko la samaki saa sita mchana wangelipenda paa lile. Meza zilijaa jodari, changu, taa, ngisi na kamba, na nguru kwa wingi ambao sijauona kwetu siku za karibuni.

Nilisimama kwenye meza ya mkata samaki. Mbele yake alilala nguru wa urefu wa mkono mzima, ngozi bado inang'aa. Alipitisha kisu nyuma ya matamvua, akavuta matumbo yote kwa mkupuo mmoja, akamgeuza, akaanza kukata vipande vinene kwa kupima kwa jicho. Kisu hakukitazama hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwa mteja, akisubiri aambiwe kichwa kifungwe au kiachwe.

Mteja alikuwa mama wa makamo. Aliniona ninavyotazama, akaniuliza kwa Kiarabu natoka wapi. Nikamjibu kwa Kiarabu changu kichache kwamba natoka Mombasa. Uso ukamfunguka.

"Mombasa! Karibu mwanangu, karibu sana. Mama yangu mimi kazaliwa Wete." Kisha akamgeukia mkata samaki, akamwamuru kwa Kiarabu afunge kichwa, na kunieleza mimi kwa Kiswahili: "Kichwa siachi. Hiki nakipika mchuzi wa nazi leo."

Nilikuwa nimeambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili kinazungumzwa Maskati. Kusikia ni jambo moja. Kukaribishwa kwa lugha yako mwenyewe saa moja tu baada ya kushuka melini, na mtu ambaye hajui hata jina lako, ni jambo jingine. Niliagana na yule mama nikiwa na furaha ambayo hakuna matembezi ya kununua melini yangenipa.

Barabara ya ufukweni, ambayo wenyewe huiita Corniche, inapinda na ghuba. Upande mmoja ni maji na mashua. Upande wa pili ni nyumba ndefu nyeupe zenye roshani za mbao zilizochongwa. Aliyekulia Mombasa, Lamu au Unguja hahitaji kuambiwa roshani ile ni ya nini: ni ya wanawake kupata upepo na kuona barabarani bila wao kuonekana. Kati ya nyumba hizo kuna lango la Sur al-Lawatia, mtaa wa wafanyabiashara wa Kishia wenye asili ya Bara Hindi walioishi hapo kwa vizazi vingi ndani ya ukuta wao. Mgeni huutazama kwa nje. Ni makazi ya watu, na heshima yao ni kuachiwa faragha.

Nilikaa kwenye benchi, nikaitazama bandari. Dola ya Seyyid Said ilitegemea merikebu. Mwaka 1840 merikebu yake iitwayo Sultana ilivuka bahari mbili kutoka Maskati na Unguja hadi New York, ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, na shehena yake ilikuwa na tende, karafuu, kahawa na pembe za ndovu. Yeye mwenyewe Seyyid Said alifia baharini mwaka 1856, akiwa njiani kutoka Oman kurudi Unguja, na huko Unguja ndiko alikozikwa. Nilipokuwa mwanafunzi mambo haya yalikuwa mistari ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Pale ufukweni, na kipande cha maji alichokuwa akikivuka kikiwa mbele yangu, niliona jinsi mtu mmoja alivyoweza kuwa na makao mawili, na jinsi upepo wa msimu ulivyokuwa ukiamua awe wapi.

Souq ya Matrah inaanzia barabarani, lakini mwanzo wake si wake. Maduka ya mbele yanauza shali za Kashmir, ngamia wa mbao na sumaku za kubandika friji, bidhaa ambazo mtalii anaweza kuzipata bandari yoyote. Vikundi vya meli huingia hapo, hununua, hutoka. Aliye peke yake ana nafasi ya kuendelea. Nilikata kushoto, nikakata kulia, nikafika mahali ambapo vichochoro vinakuwa vyembamba, paa linashuka, na wateja ni wenyeji: mafundi wa fedha, wauza vitambaa, wauza dawa za asili, wauza ubani.

Ubani ule hutoka Dhofar, kusini kabisa mwa nchi, karibu kilomita 1,000 kutoka Maskati. Mti wake huchanjwa gome, utomvu ukatoka, ukaachwa ukauke, ndipo ukakwanguliwa. Muuzaji aliniwekea mikononi aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kahawia, yenye vumbi na vipande vya gome. Ya pili ilikuwa ya manjano. Ya tatu, ghali kuliko zote, ilikuwa madonge meupe yenye rangi ya kijani kwa ndani, safi kiasi kwamba ukiyainua kwenye taa unaona mwanga umepenya. Akatupa donge moja kwenye chetezo. Moshi ulipopanda nilikuwa Mombasa, kwenye khitma ya nyanya yangu, na kina mama wameketi mkekani. Ubani tuliotumia siku ile, na siku zote za misiba na maulidi ya kwetu, ulikuwa umesafiri njia ambayo mimi nilikuwa naisafiri sasa kwa kinyume. Nikanunua nusu kilo ya ule wa tatu kwa ajili ya mama.

Duka lililofuata lilikuwa la kofia na vitu vya kale. Kofia za Waomani, zile za mviringo zilizodariziwa kwa mkono na kutobolewa vishimo vidogo vidogo, ni ndugu wa kofia zetu za kiua, na Waomani wenyewe husema zilitoka Unguja. Mwenye duka alikuwa mzee wa ndevu nyeupe. Nilimsalimu kwa salamu ya Kiislamu, nikamuuliza bei ya kofia kwa Kiswahili moja kwa moja, maana alikuwa ameshika simu akizungumza Kiswahili cha Unguja kitupu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Umetokea wapi wewe?"

Nilipomweleza alinivutia kiti, akaagiza kahawa. Alizaliwa Unguja, akaondoka mtoto baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Oman ya wakati ule ilikuwa nchi iliyofungwa, na si kila mwenye asili yake aliruhusiwa kuingia, kwa hiyo familia yake ilitangatanga nchi za Ghuba kwanza. Walirudi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Wengi waliokuja wakati huo walikuwa wamesoma Unguja, Mombasa, Cairo na kwingineko, na nchi iliyokuwa ikianza kujenga shule na hospitali iliwahitaji.

"Tulipofika hapa, wengine wetu hatujui Kiarabu cha maana," alisema. "Watu wakituita Wazanzibari. Na Unguja tulikuwa tukiitwa Waarabu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza jambo lililokwisha kuzoeleka, akanimiminia kahawa nyingine.

Halafu akafungua droo, akaniwekea kiganjani sarafu moja ya fedha. Ilikuwa pana na nzito kuliko nilivyotarajia. Upande mmoja una sura ya mwanamke mnene aliyejitanda utaji. Upande wa pili una tai mwenye vichwa viwili na mwaka 1780. Hiyo ndiyo riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka huo. Uzito wake ni gramu 28, na iliendelea kupigwa chapa ikiwa na tarehe ile ile muda mrefu baada yake, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na Afrika Mashariki hawakuiamini nyingine. Ukingo wa ile niliyoishika ulikuwa umelika, na shavu la malkia limesawazishwa na vidole vya watu.

Baada ya kifo cha Seyyid Said wanawe waligombania urithi, na mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Waingereza nchini India, aliamua kwamba Unguja na Oman zitengane, na Unguja iilipe Oman fedha 40,000 kila mwaka. Fedha yenyewe ilikuwa hii. Nilikuwa nimeshika kipimo cha hukumu iliyotenganisha nchi mbili.

"Hii ndiyo iliyokuwa ikinunua karafuu," mzee alisema.

"Na watu pia," nikamjibu.

Alinitazama, akatikisa kichwa kukubali. "Na watu pia. Sisi tuliozaliwa Unguja tunalijua hilo. Nawe uliandike."

Naliandika. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, yaliyojenga utajiri wa dola ile, yalilimwa na watumwa waliotolewa bara, hadi pande za Ziwa Nyasa na Tanganyika. Wengine walivushwa bahari hii hii hadi mashamba ya mitende na nyumba za Oman. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa Unguja mwaka 1897. Oman ilipiga marufuku utumwa mwaka 1970. Baadhi ya wajukuu wa watu hao ni raia wa Oman leo. Mswahili anayekwenda Maskati kwa sababu ya roshani, kofia na ubani hana budi kuibeba na habari hii. Undugu wa pwani hizi mbili ni wa kweli, lakini hawakuuingia wote kwa hiari. Anayesimulia kimoja akaacha kingine hajasimulia.

Saa saba mchana maduka mengi hufungwa mpaka saa kumi. Ni mapumziko ya joto na ya swala, na wageni wengi huyalalamikia. Mimi niliyapenda. Niliswali adhuhuri, nikala wali na nguru wa kukaanga katika mkahawa mdogo ulioko ndani kidogo ya mtaa, kisha nikaonja halua kwenye duka lililokuwa bado wazi. Wanaipika kwa wanga, sukari, samli, iliki, zafarani na maji ya waridi, katika sufuria kubwa la shaba, na mpishi huikoroga bila kuiacha mpaka ishikane na mafuta yatokeze juu. Watu wa Pemba na wa Mombasa watabishana daima ni ya nani iliyo bora. Ya Maskati ni nyeusi zaidi na ina waridi zaidi. Yetu ina iliki inayojitokeza. Zote ni halua ya kweli.

Kutoka sokoni hadi Maskati ya kale ni kama kilomita nne kando ya bahari. Nilizitembea. Unapita chini ya ngome ya Matrah, unapita bustani ya Riyam, ambapo juu ya mwamba wamejenga chetezo kikubwa cheupe kinachoonekana tangu baharini, kisha barabara inapanda, unapita chini ya Lango la Maskati, na mji wa kale unatokea mbele yako, mdogo na kimya, umezungukwa na miamba. Katikati yake ni Kasri la Al Alam, lenye nguzo za buluu na dhahabu, lililojengwa mwaka 1972. Nyuma ya kasri ni ghuba ndogo, na kila upande wa ghuba kuna ngome juu ya mwamba: Mirani na Jalali.

Hapo ndipo nilipokuwa nakwenda siku nzima. Wareno waliingia Maskati mwaka 1507 chini ya Afonso de Albuquerque, wakauchoma mji. Mwaka 1581 nahodha wa Kituruki, Ali Bey, aliuvamia na kuupora. Ndipo Wareno walipojenga ngome hizi mbili juu ya miamba ya bandari, katika miaka ya 1580. Ali Bey yule yule akaja pwani ya Afrika Mashariki, miji mingi ya Waswahili ikampokea kwa furaha kwa kuwa ilikuwa imechoshwa na Wareno, na mwaka 1589 akashindwa na kukamatwa Mombasa. Baada ya tishio lake Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus, mwaka 1593. Kwa maneno mengine, Jalali, Mirani na ngome yetu ni za kizazi kimoja, zilijengwa na mikono ya dola moja, kwa hofu ya mtu mmoja.

Na ziliangushwa kwa mfuatano. Imamu Sultan bin Saif aliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Habari zilipofika Mombasa, watu wa mji wakaomba msaada kwa Imamu. Mwaka 1696 Waomani waliizingira Fort Jesus. Mzingiro ukachukua karibu miaka mitatu, mpaka Desemba 1698. Nikiitazama Jalali kwa chini, mawe yake yametokeza moja kwa moja juu ya mwamba kama Fort Jesus ilivyopandishwa juu ya matumbawe, sikuhitaji maelezo ya mwongozaji. Nimeishi na dada yake maisha yangu yote. Kwenye miamba ya ghuba bado yanasomeka majina ya meli yaliyopakwa rangi na mabaharia waliopita hapa zamani.

Saa yangu ya mwisho niliipa Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 mkabala na kasri. Maelezo yake yameandikwa pia kwa Braille ya Kiarabu, ili asiyeona naye asome nchi yake. Kuna ukumbi unaoeleza uhusiano wa Oman na dunia, na Afrika Mashariki imo. Niliusoma polepole, na nilijiuliza ni lini majumba ya makumbusho ya pwani yetu yatapewa fedha na watafiti wa kutosha kueleza uhusiano huo huo kwa upande wetu, kwa sauti ya waliolima karafuu na waliobeba pembe. Fort Jesus imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2011. Mahali tunapo na vitu tunavyo.

Nilirudi bandarini kwa teksi, baada ya kukubaliana bei kabla ya kupanda, nikaingia melini muda ukiwa bado upo.

Kwa msomaji atakayepata nafasi kama yangu, nasema hivi. Siku moja haitoshi kuujua mji, lakini inatosha kukutana nao, ikiwa utajinyima vitu vingi na kuchagua vichache. Soma historia kabla hujapanda meli, maana bandarini hakuna muda wa kuisoma. Vaa viatu vya kutembea na mavazi ya heshima, beba maji, kumbuka kwamba Ijumaa asubuhi mji hulala, na weka akiba ya saa nzima ya kurudia. Salimu watu kwa Kiswahili bila kusita, na wazee wape shikamoo. Na usiwaachie Wazungu peke yao safari hizi. Bahari ya Hindi tuliisafiri kabla yao, na katika bandari zake nyingi wako watu wanaotusubiri tubishe hodi.